Kigoda na Mawe ya Mvua: Cheo cha Mtemi katika Nchi ya Ugogo

Miongoni mwa vyeo ambavyo wanadamu wamejiwekea, cheo cha mlinzi kina ajabu yake. Mfalme hutawala, kadhi huhukumu, amiri huongoza vita. Lakini mlinzi wa nchi hana kazi yenye kuonekana mpaka siku balaa linapobisha hodi. Nchi ikiwa salama, watu husema hapana alilolifanya. Nchi ikidhurika, wote humgeukia yeye. Ndiyo maana cheo hiki aghalabu huambatana na mambo ya ghaibu, na ndiyo maana suala la nani akirithi huwa zito hata mahali ambapo suala la nani atawale limekwisha kuamuliwa.

Hadithi za siku hizi nazo hazikuliacha jambo hili. Katika vitabu vya hadithi za picha vya Marekani, ambavyo vijana wetu sasa huvijua zaidi kwa njia ya filamu, yumo shujaa aitwaye Doctor Strange, aliyebuniwa na mchoraji Steve Ditko pamoja na mwandishi Stan Lee, akachapishwa mara ya kwanza mwaka 1963. Alikuwa tabibu mpasuaji. Mikono yake ikaharibika katika ajali, akaenda kutafuta tiba kwa mzee mmoja katika milima ya Himalaya, na mwishowe akaurithi kutoka kwa mzee huyo ulinzi wa dunia dhidi ya nguvu za giza. Cheo chake kwa Kiswahili tungekiita Mganga Mkuu, ingawa kwetu sisi mwenye jina hilo ni daktari wa serikali asimamiaye afya katika mkoa au wilaya. Mwaka 2009 watunzi wa hadithi hizo walimvua Strange cheo chake kwa kuwa alikwisha kuchezea uchawi wa giza. Kidani chake chenye umbo la jicho kikamwacha, kikamwendea Jericho Drumm, mtu wa asili ya Haiti. Kanuni ya hadithi ni wazi: ulinzi si mali ya mtu. Una alama zake, una masharti yake, na mwenye kuyavunja masharti hunyang'anywa.

Wapo watakaosema hayo ni ya watoto. Lakini kanuni hiyo haikuanzia katika karatasi za Marekani, wala haikuhitaji wachoraji ili iaminike. Katika uwanda wa kati wa Tanzania, mahali ambapo leo umesimama mji mkuu wa Jamhuri yetu, watu wa Ugogo waliishi kwa kanuni kama hiyo kwa vizazi vingi, na cheo walichokitegemea kilikuwa cha mtemi. Makala haya yanakusudia kuifuata historia ya cheo hicho tangu zama za misafara hadi zama zetu, ili tuone ni kitu gani hasa kilichokuwa kikirithiwa, na ni lini kilipoanza kupotea.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe, kwani mlinzi haeleweki bila ya hatari anayoilinda. Ugogo umetandaa kutoka vilima vya Mpwapwa upande wa mashariki hadi kwenye kuta za Bonde la Ufa karibu na Kilimatinde upande wa magharibi. Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua huko haipati milimita 600 katika mwaka wa kawaida, nayo yote hunyesha katika msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ukame mtupu, upepo na vumbi. Sisi wa visiwani, wenye masika na vuli, tukikosa moja hutaraji nyingine. Mgogo hana wa pili wa kumtaraji. Mvua ikichelewa, au ikinyesha kwa wiki mbili kisha ikakatika wakati uwele na mtama ungali mchanga, mwaka umekwisha. Ng'ombe ndio akiba, nao pia huhitaji majani na maji. Katika nchi ya namna hiyo, mtu anayeweza kusemwa kuwa anaishika mvua ana uzito kuliko mwenye mikuki mingi.

Neno mtemi latokana na kitenzi kutema, ambacho katika lugha nyingi za bara lile maana yake ni kukata. Wengine hufasiri kwamba ni yule akataye mashauri. Wengine, kwamba ni yule ambaye wahenga wake walikuwa wa kwanza kukata pori na kuifanya nchi ikalike. Tafsiri hii ya pili yaafikiana sana na mambo ya Ugogo. Mathias Mnyampala, ambaye wasomaji wa ushairi wanamjua kwa ngonjera zake, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Humo asili za koo zinasimuliwa moja moja: hawa walitoka Uhehe, hawa walitoka pande za Unyamwezi, hawa walishuka kutoka Usagara. Wagogo hawakuwa taifa lililotoka tumbo moja, wala hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Walikuwa watu wa asili mbalimbali waliokutana katika nchi kavu, na kila kipande cha nchi kilikuwa na ukoo ulioshika haki ya kukiombea. Mkuu wa ukoo huo katika kazi hiyo ndiye mtemi.

Mtafiti Peter Rigby, aliyefanya kazi yake Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1969, aliyaeleza mamlaka haya kwa makini. Mtemi wa Kigogo, kwa maelezo yake, hakuwa mtawala kwa maana tuliyoizoea. Hakuwa na jeshi, na nguvu yake ya kumlazimisha mtu ilikuwa ndogo. Kazi yake ilikuwa kuilinda nchi yenye mipaka maalumu: kuiombea mvua, kuifungulia msimu wa kupanda, kuikinga isiingiliwe na maradhi ya watu na mifugo, na kusimamia majira ya shughuli kubwa kama jando. Alama za kazi hiyo zilikuwa vitu viwili, kigoda na mawe ya mvua. Vitu hivi havikununuliwa wala havikutengenezwa upya kwa kila mtemi. Vilipokewa kutoka kwa waliotangulia, na mwenye kuvishika ndiye aliyekuwa na haki ya kusimama mbele ya wahenga kwa niaba ya nchi nzima.

Hapa pana jambo linalofaa kuzingatiwa. Mtemi hakudaiwa kuwa yeye mwenyewe ndiye chemchemi ya mvua. Kabla ya msimu aliwatuma wajumbe kwa waganga wa mvua kutafuta dawa na maelekezo, wakati mwingine mbali na nchi yake. Nguvu ilikuwa katika mnyororo: wahenga, mawe, waganga, wajumbe, na watu walioyatii masharti ya msimu. Mtemi alikuwa kiungo kimoja, ila ni kiungo ambacho hakikuwa na ruhusa ya kukatika. Alipokufa, mawe yalibaki, na ukoo ukamtoa mwingine wa kuyashika. Ukoo ndio uliohakikisha kwamba cheo hakikai wazi, na watu ndio waliohakikisha kwamba cheo hakigeuki udhalimu, kwa njia iliyo rahisi kabisa: Wagogo walikuwa wepesi wa kuhama. Mwenye mifugo aliyeona nchi fulani haina baraka aliliacha tembe lake na kwenda kujenga katika nchi ya mtemi mwingine. Mlinzi aliyeachwa na watu alikuwa analinda miiba.

Ulinzi huo pia haukuwa wa wanaume peke yao. Rigby ameandika juu ya ibada za kuitakasa nchi mifugo inapopatwa na maradhi au mambo yanapoharibika. Siku hizo wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika silaha zao, huchunga ng'ombe, na kwa ngoma huyafukuza mabaya kuelekea magharibi, upande wa machweo, mpaka yatoke nje ya mipaka. Wanaume, ambao katika siku za kawaida ndio wenye usemi juu ya mifugo, hukaa pembeni. Maana yake ni kwamba nchi ikipinduka, huduma ya kuirejesha sawa nayo hupinduliwa. Cheo cha mtemi kilikuwa kimoja, lakini ulinzi uligawanywa.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kuyashangaa haya, kwani kisiwa cha Unguja kilikuwa na cheo kinachofanana nacho. Mwinyi Mkuu wa Wahadimu, ambaye makao yake ya mwisho yalikuwa Dunga, alikuwa na ngoma zake na siwa zake, na mapokeo husema ngoma hizo zilikuwa zikilia zenyewe kuonya juu ya hatari. Mapokeo hayo hayo yanasimulia kwamba watawala wa Kiomani walipomtia kifungoni Mwinyi Mkuu, mvua ilikatika Unguja kwa muda wa miaka mitatu, mpaka wakaona heri wamrejeshe kwao. Kisa hicho hakihitaji kuthibitishwa na vipimo vya mvua ili kitufae. Chatuonyesha watu waliokwisha kunyang'anywa serikali wakiwa bado wanashikilia kwamba kuna jambo moja ambalo mtawala mpya hawezi kulichukua kwa nguvu. Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed akamfuata mwaka 1873, na cheo hakikupata mrithi. Ngoma na siwa zikaishia katika makumbusho, ambako hutazamwa na watu lakini hazimlindi mtu.

Kwa nini cheo cha Dunga kilikufa mapema na cha Ugogo kikaendelea? Sababu mojawapo ni kwamba Dunga palikuwa karibu mno na mji wa Unguja, yaani karibu na nguvu mpya. Ugogo ulikuwa mbali, ingawa si mbali kiasi cha kutofikiwa na fedha za Unguja. Misafara ya pembe iliyogharimiwa na matajiri wa mji huu ilitoka Bagamoyo, ikapanda hadi Mpwapwa, kisha ikalazimika kuivuka nchi kavu ya Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Mamia ya wapagazi walihitaji maji na chakula, na visima vilikuwa na wenyewe. Ndipo watemi walipotoza hongo, kwa kawaida vitambaa, na kila mpaka ukawa na hongo yake. Richard Burton aliyepita huko mwaka 1857 alilalamika. Henry Stanley aliyepita mwaka 1871 alilalamika zaidi. Wote wawili wanamtaja Magomba wa Kanyenye miongoni mwa wakubwa waliowatoza.

Katika vitabu vyao wasafiri hao wanamwita Magomba sultani. Jina hilo ni kosa lenye madhara makubwa kuliko lionekanavyo. Msafiri alikaa katika nchi ya mtemi siku chache, akatoa vitambaa, akanywa maji, akaenda zake. Alichokiona ni mkono unaopokea. Hakuwapo Novemba wakati wajumbe wanarudi na dawa, hakuyaona mawe, hakuwaona wanawake wakiyasukuma mabaya kuelekea machweo. Basi akaandika nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyosomwa Ulaya. Kuanzia hapo mtemi alijulikana kwa wageni kuwa ni mtoza ushuru. Hongo, kwa Mgogo, ilikuwa na maana kwa sababu aliyeitoza ndiye aliyewajibika kwa maji yenyewe. Kwa mgeni ilikuwa ni unyang'anyi tu.

Wajerumani walipoitwaa nchi, walileta watoza ushuru wao. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilipita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914, na hongo ikakosa maana kwa kuwa injini haikuomba maji kwa mtemi. Kisha ikaja vita. Majeshi ya Wajerumani na baada yao ya Waingereza, walioingia Dodoma mwezi Julai 1916, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Wakati ghala zikiwa tupu na mikono ya kulima ikiwa haipo, mvua nayo ikakosekana, na mwaka 1918 homa kali ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikafika. Njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliipa jina la Mtunya, jina lenye maana ya kunyang'anyana. Wanahistoria wamekadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa.

Mtunya ni kipimo kikali cha cheo tunachokizungumza. Je, ni mtemi aliyeshindwa? Kwa kanuni ya kale angeulizwa, maana njaa ni njaa. Lakini safari hii aliyezimaliza ghala hakuwa na kigoda, wala hakukaa chini ya mahenge ya nchi ile. Jenerali wa Ulaya aliamuru ng'ombe wachukuliwe na hakuna mzee wa Ugogo aliyeweza kumwita barazani. Kwa mara ya kwanza, nguvu ya kuiangamiza nchi ilikuwa kwa watu wasiokuwa na wajibu wowote wa kuilinda. Jina ambalo wenyewe walilichagua, Mtunya, halisemi habari za mvua hata kidogo. Wahanga walijua kuwa ukame peke yake haukuwaua.

Waingereza walijaribu kukirekebisha cheo kwa namna yao. Gavana Donald Cameron, aliyeitawala Tanganyika kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, alileta utawala wa kupitia wenyeji, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu mahakama, hazina na mishahara. Katika nchi zilizokuwa na wafalme mpango huo ulipata pa kushikia. Ugogo haukuwa na mfalme; ulikuwa na watemi wengi wa nchi ndogo ndogo. Serikali ikaziunganisha nchi hizo, ikachagua wachache wa kuwa machifu, na wengine ikawaacha bila ya nafasi katika daftari. Matokeo yake ni kwamba palikuwa na wenye mawe wasiokuwa na mshahara, na palikuwa na wenye mshahara ambao kazi yao kubwa ilikuwa kodi. Aliyejulikana zaidi miongoni mwa machifu wa zama hizo ni Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake lilipewa shule ya sekondari mjini Dodoma. Katika eneo la shule hiyo ndipo kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana mwaka 2007. Mazengo alibahatika kuunganisha heshima ya kale na ofisi mpya. Si kila mmoja aliyeweza.

Kwa hiyo mwaka 1963, Serikali ya Tanganyika ilipoifuta sheria ya machifu, kilichofutwa kilikuwa ni ile nusu iliyoongezwa na Waingereza: mshahara, mahakama, karani na kodi. Mwalimu Nyerere, ambaye naye alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, hakuwa na chuki na mila. Alitaka taifa lisilogawanyika kwa enzi ndogo ndogo. Sababu hiyo ina nguvu, na sisi tulioona majirani wakigawanyika hatuwezi kuibeza. Ila sheria haikuwa na kifungu kinachosema nani sasa ataulizwa mvua ikikosekana. Rigby alikuwa Ugogo katika miaka hiyo hiyo, na aliziona kazi za mawe ya mvua zikiendelea. Sadfa imetaka kwamba mwaka huo huo wa 1963, mchoraji mmoja wa New York alikuwa anamchora tabibu wake wa kubuni anayejifunza ulinzi kwa mzee. Huko cheo cha mlinzi kilikuwa kinabuniwa ili kiuzwe. Huku kilikuwa kinaondolewa katika vitabu vya sheria huku kikiendelea kufanya kazi vijijini.

Yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi kuliko sheria. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwahamisha watu kutoka kwenye matembe yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya pamoja. Mipaka ya vijiji haikuuliza mipaka ya watemi. Ule uhuru wa kuhama, ambao tuliona kuwa ndio uliokuwa ukimpima mtemi, ulipungua, kwa kuwa sasa makazi yalipangwa. Mwaka 1973 ukapitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Mji ukakua, na kiu yake ikakua pamoja nao. Maji ya Dodoma hutegemea sana visima virefu vya Makutupora, na habari za mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Hayo ni maendeleo, na mtu mwenye akili hataomba pampu zing'olewe ili mawe yarejee. Hata hivyo inafaa kutambua kwamba kazi za mtemi hazikupotea, ziligawanywa. Mmoja hutabiri, mwingine huvuta maji, mwingine hugawa chakula cha msaada, mwingine hutibu mifugo. Kilichopotea ni yule mmoja ambaye wote wangemkalisha chini na kumwuliza.

Pengine msomaji muumini atauliza: je, kuyasifu mawe si kuisifu shirki? Swali ni la haki. Makala haya hayamwiti mtu kuyarudia mawe. Waislamu wana sala yao ya kuomba mvua, na Wakristo wa Ugogo, ambako misheni imekuwapo tangu karne ya 19, wana ibada zao. Tukiziangalia kwa makini tutaona kwamba nazo hudai jambo ambalo mtemi alilidai: kwamba watu watoke pamoja, watubu, wapatane, waache dhuluma kabla hawajainua mikono. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kupatana ni kwa watu. Cheo cha mlinzi, popote kilipo, huwepo ili kuwalazimisha watu wafanye sehemu yao.

Na si kweli kwamba yote yamezimika. Upande wa kaskazini wa uwanda huo huo, katika Kondoa, kuna michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mojawapo ya mapango hayo, lile la Mungumi wa Kolo, linajulikana kuwa wenyeji wameendelea kulitumia kwa matambiko ya mvua na uponyaji. Mtalii huja kuangalia rangi zilizopakwa na watu wa kale; mwenyeji huja kuomba. Wote wawili husimama mbele ya jiwe lile lile. Tofauti yao ni kwamba mmoja akiondoka hana deni.

Tumalizie na jambo la karibu. Tarehe 8 Septemba 2021, huko Kisesa katika wilaya ya Magu, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan, wakampa jina la Hangaya, lenye maana ya nyota ing'aayo. Mzaliwa wa Makunduchi, katika nchi iliyokuwa ya Mwinyi Mkuu, alivishwa alama za cheo cha bara. Na tangu Mei 2023, ilipozinduliwa Ikulu ya Chamwino, makao rasmi ya Rais yako katika ardhi ya Ugogo. Tangu kusimikwa huko machifu wamekuwa wakionekana zaidi katika hafla za taifa, wakiwa na mavazi yao na mikia yao ya wanyama. Wako waliofurahi kuona heshima iliyovuliwa mwaka 1963 ikirejea, na wako walionung'unika kwamba hayo ni mapambo ya siasa.

Historia ya Ugogo inatupa namna ya kuwapima wote wawili. Tukilichukua jina, vazi na kigoda, tukaacha wajibu, tutakuwa tumefanya kama wale wasafiri wa zamani: tumeona mkono unaopokea, hatukuona mawe. Lakini chifu wa leo akiwa ndiye atakayesimama kuutetea mto unapochimbwa mchanga, kisima kinapouzwa, msitu wa tambiko unapokatwa mkaa, na akakubali kuulizwa na watu wake pale anaposhindwa, basi hata kama hana mshahara wala kifungu cha sheria, atakuwa ameshika kitu kile kile walichoshika wazee wa Kanyenye na Mvumi.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917, Mtunya ulipokuwa unaanza, akafariki mwaka 1969. Hakuwa mtemi. Alikuwa mtumishi wa serikali na mshairi, naye akaona kwamba yeye anaweza kushika jambo moja: habari za koo, nani alitoka wapi, nani alikata pori gani. Akaziandika kwa Kiswahili, lugha ya pwani iliyopanda Ugogo pamoja na misafara, ili nasi wa visiwani tuweze kuzisoma. Kitabu chake hakiwezi kuleta mvua. Lakini kinatueleza aliyewahi kuulizwa habari zake, na swali hilo, nchi inapokauka, bado linamsubiri mwenye kulijibu.